Geti la Shule na Hati ya Jaji

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tukisikia habari za misako ya wahamiaji huko Marekani tunatikisa kichwa, kisha tunaendelea na chai yetu. Lakini, ndugu msomaji, historia ya jambo hili inaanzia mahali ambapo wengi wetu tumewahi kusimama: kwenye geti la shule, mfukoni hakuna ada. Naomba tuifuate pamoja.

Mwaka 1975 bunge la jimbo la Texas lilipitisha sheria kwamba fedha za jimbo zisitumike kumsomesha mtoto aliyeingia nchini bila kibali. Wilaya za shule zikaachiwa uamuzi: ama zimkatae, ama zimtoze ada. Katika mji wa Tyler, bodi ya shule iliamua mwaka 1977 kwamba kila mtoto wa namna hiyo alipe dola 1,000 kwa mwaka. Kibarua wa kiwandani atazitoa wapi? Na watoto wenyewe hawakufika mia. Walikuwa kama 60 tu, katika wilaya yenye wanafunzi karibu 16,000. Kumbe hata wachache wanaweza kugeuzwa balaa la taifa, mradi wawe hawana wa kuwasemea.

Familia nne zikajitokeza kushitaki. Hebu fikiri maana yake. Mtu anayejificha asionekane na serikali anaingia mwenyewe katika jengo la serikali, anamwambia jaji, "Mimi ndiye." Mahakamani majina yao yalifichwa, wakapewa jina la kupanga, Doe. Jaji William Wayne Justice alisikiliza shauri alfajiri, jua halijachomoza vizuri, ili watu wasije kuwatumbulia macho. Inasimuliwa kwamba baadhi yao walifika na magari yaliyosheheni vyombo vyao vyote, maana hawakujua kama watarudi nyumbani au watapelekwa mpakani. Jaji akaamuru watoto warudi darasani.

Wakubwa wa Texas hawakukubali. Rufaa ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 15 Juni 1982 hukumu ikatoka: majaji 5 kwa 4. Kesi inaitwa Plyler dhidi ya Doe. Plyler alikuwa msimamizi wa shule za Tyler. Jaji William Brennan, aliyeandika hukumu, alitumia marekebisho ya 14 ya katiba ya nchi ile, ya mwaka 1868, yaliyopatikana baada ya vita vilivyomaliza utumwa. Maneno yale hayasemi "raia yeyote". Yanasema kila mtu aliye chini ya mamlaka ya jimbo alindwe sawa na sheria. Mtoto hakujichagulia kuvuka mpaka, akasema Brennan, na kumnyima kusoma ni kutengeneza tabaka la wajinga wa kudumu. Hata jaji mkuu Warren Burger, aliyekuwa upande wa walioshindwa, alikiri kwamba kumnyima mtoto elimu ya msingi ni jambo lisilo na akili. Hoja yake ilikuwa kwamba kulirekebisha ni kazi ya bunge, si ya mahakama.

Miongoni mwa wale watano alikuwamo Thurgood Marshall, mwanasheria Mweusi. Huyu bwana si mgeni kwetu. Mwaka 1960 alifika Kenya, kisha akaenda London kuwashauri wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa Lancaster House, na akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya iliyokuwa inazaliwa. Miaka 22 baadaye akawa anapigia kura haki ya mtoto wa kibarua wa Kimeksiko. Basi usufi ule umeanza kuwa mzito kidogo.

Hata hivyo, hukumu ilimpa mtoto dawati tu. Haikusema lolote kuhusu afisa wa uhamiaji atakayebisha hodi wakati mtoto ameketi kwenye dawati hilo. Na maadui wa hukumu hawakulala. Mwaka 1994 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 187, lililotaka shule zichunguze vibali vya wanafunzi na wazazi na kuwaripoti. Mahakama ikalizuia. Mwaka 2011 Alabama ikatunga sheria ya kuzilazimisha shule kuuliza uhalali wa mtoto anapoandikishwa. Sheria ilipoanza kutumika, madawati ya watoto wa Kilatino yakabaki matupu, mpaka mahakama ya rufaa ikasimamisha kifungu hicho. Hakuna aliyekamatwa darasani. Hofu peke yake ilitosha kuwafukuza.

Ndipo shule zikajifunza kujiandaa, na maandalizi yenyewe ni ya karatasi na nidhamu. La kwanza, usiulize. Fomu ya kuandikisha itake umri na makazi, isitake kibali wala namba ya hifadhi ya jamii, kwa sababu siri usiyoijua huwezi kuitoa. La pili, funga jalada. Sheria ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi, hazitolewi ovyo bila ridhaa ya mzazi au amri ya mahakama. La tatu, soma hati. Maafisa wa uhamiaji hutembea na hati zilizosainiwa na maafisa wenzao. Hizo si sawa na hati iliyosainiwa na jaji. Kwa hiyo karani wa mapokezi anafundishwa kutopiga kelele na kutogombana. Anamwomba mgeni kitambulisho, anamkalisha, anampigia mwalimu mkuu, naye anampigia mwanasheria wa wilaya.

La nne linauma zaidi: kadi ya dharura. Mzazi anaandika majina ya watu watakaomchukua mtoto kama yeye hatatokea jioni. Umuhimu wake ulionekana Mississippi Agosti 2019, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa. Maafisa walivamia viwanda vya kuku na kukamata watu wapatao 680 kwa siku moja. Jioni watoto walitoka darasani na hakukuwa na mtu wa kuwapokea.

Tangu Oktoba 2011 waraka wa serikali uliwakataza maafisa kufanya misako shuleni, makanisani na hospitalini isipokuwa kwa sababu maalumu. Januari 2025 serikali mpya ikaufuta ulinzi huo. Siku chache baadaye, shule moja ya msingi ya Chicago iliwazuia mlangoni watu iliodhani ni wa uhamiaji. Ikaja kujulikana ni maafisa wa idara inayomlinda rais. Kosa la utambulisho, ndiyo, lakini mlango ulifanya kazi yake. Aprili mwaka huohuo maafisa wa usalama wa ndani walifika katika shule mbili za msingi za Los Angeles wakitaka kuwaona watoto wadogo, wa darasa la kwanza hadi la sita. Serikali ilisema walikwenda kuangalia hali ya watoto hao. Walimu wakuu wakakataa kuwapa nafasi. Msimamizi wa shule za jiji lile, Alberto Carvalho, aliyewahi kuishi Marekani bila kibali akiwa kijana kutoka Ureno, alijitokeza kuwatetea.

Leo watoto wa Kikongo wanaozungumza Kiswahili chetu wanasoma Texas na Kentucky, wamepelekwa huko na mpango wa wakimbizi. Wao wana karatasi. Jirani yao wa dawati huenda hana, na mwalimu hatakiwi kujua nani ni nani.

Sisi tunaoota kuandika riwaya hupenda mashujaa wenye bunduki na hotuba. Historia hii imebebwa na karani wa mapokezi, mtu wa mshahara mdogo, anayenyosha mkono na kusema, "Naomba nione sahihi ya jaji." Mwandishi mwenzangu, jaribu kumwandika huyo. Mwandike siku ambayo mkono wake unatetemeka, kengele ya kutoka inakaribia kulia, na kwenye kadi aliyoishika limebaki jina moja tu la kupigia simu.