Kuuona Mwamba kabla ya Kuufikia: Picha za Chini ya Ardhi huko Nyangoto

Kabla ya mgodi wa North Mara kuanza uzalishaji mwaka 2002, wachimbaji wadogo wa Nyangoto na vijiji vingine vya Nyamongo, wilayani Tarime, waliufuata mwamba wa dhahabu kwa maduara, yaani mashimo membamba ya kuteremkia chini, na umbo la mwamba lilijulikana pale tu ulipokwisha kufikiwa.

Migodi mikubwa hutumia njia nyingine, iliyozaliwa Afrika Kusini mwaka 1951, wakati mhandisi Danie Krige alipoonyesha kwamba sampuli chache zaweza kukadiria dhahabu ya mahali pasipochimbwa bado. Mfaransa Georges Matheron ndiye aliyeijengea nadharia kamili. Mawe yaliyotolewa kwa kuchoronga hupimwa maabara, kisha kompyuta huugawa mwamba katika michemraba midogo, iitwayo vitalu, na kukikadiria kila kimoja. Uigaji, au simulesheni, huenda mbali zaidi: hutunga miamba mingi inayowezekana, yote ikipatana na sampuli zilezile, ili tofauti zake zidhihirishe ukubwa wa mashaka.

Namba za makadirio hayo, hata zikiwa mamilioni, hazimwambii mtu kitu mpaka zichorwe. Mwaka 1987 William Lorensen na Harvey Cline, wa kampuni ya General Electric nchini Marekani, walichapisha kanuni ya kuupitia mchemraba mmoja baada ya mwingine na kuunganisha sehemu zenye thamani sawa hadi uso mzima utokeze. Waliikusudia kwa picha za kitabibu, lakini uso wa mfupa na uso wa mwamba huchorwa kwa hesabu ileile. Mwaka 1993 Lorensen, pamoja na Will Schroeder na Ken Martin, alianzisha VTK, hazina ya programu huria za kuchora data, ambayo juu yake ilijengwa programu ya kuchora data iitwayo ParaView kuanzia mwaka 2000.

Hatari kubwa ya picha hizi imo katika rangi. Kitalu kilichozungukwa na sampuli nyingi na kile kilichokadiriwa kwa sampuli ya mbali huweza kupakwa wekundu uleule, ilhali mpaka wa shimo la wazi, ambao kwa watu wa Nyangoto ni pia mpaka wa mashamba na makazi, huanzia kwenye vitalu hivyo. Ni haki mashaka yachorwe kwa uwazi uleule wa dhahabu. Uchimbaji wa chini kwa chini, ulioanza mwaka 2015 katika Gokona, sehemu ya mgodi huohuo wa North Mara, huongeza uzito wa hoja hii, kwa kuwa handaki huelekezwa kwa makadirio yaleyale, na kila uchorongaji mpya kutoka ndani hulazimu vitalu vikadiriwe upya.