Wazee Wasio na Mwenzi wala Mtoto Wakati wa Maradhi ya Mlipuko: Mafunzo kutoka Historia ya Songea

Utangulizi

Historia ya Songea imeandikwa kwa majina ya mashujaa. Katika mji huo, mahali lilipo Makumbusho ya Taifa ya Majimaji yaliyofunguliwa mwaka 1980, kuna kaburi la pamoja la watu walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na kila mwaka ifikapo tarehe 27 Februari wazao wao hukusanyika kuwakumbuka. Tarehe 1 Novemba, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano na kuomba msamaha. Mambo hayo ni ya haki. Lakini msomaji wa historia hana budi kulitafakari neno hilo "wazao". Wanaokumbukwa ni wale walioacha watu wa kuwakumbuka.

Makala haya yanakusudia kuuliza habari za kundi jingine la watu wa nchi hiyo hiyo, yaani wazee ambao hawakuwa na mume wala mke wala mtoto wakati maradhi makubwa yalipopita. Tutaziangalia nyakati tatu: homa ya mafua ya mwaka 1918, miaka ya UKIMWI, na janga la UVIKO-19 lililoanza nchini mwaka 2020. Neno tunalotaka kulithibitisha ni hili: maradhi hayaumbi upweke wa mzee, bali huukuta umekwisha kuumbwa, kisha huuzidisha, kila gonjwa kwa njia yake. Aidha, mzee mkiwa hupotea mara mbili: kwanza katika maisha, kisha katika kumbukumbu.

1. Ukiwa ulioutangulia ugonjwa

Vita vya Maji Maji vilifika Ungoni mwezi Septemba, 1905. Wakati huo Wangoni walikuwa na falme mbili, Mshope upande wa kaskazini chini ya Nkosi Chabruma, na Njelu upande wa kusini chini ya Nkosi Mputa Gama. Majeshi ya Kijerumani yalipoona kwamba wapiganaji wametawanyika misituni, yaligeuza vita na kupigana na chakula. Mashamba yalichomwa, maghala yalimwagwa, na kupanda kulizuiwa. Ndipo ilipokuja njaa ambayo wazee walioisimulia waliiita fugufugu. Serikali ya Kijerumani ilikadiria kwamba katika eneo lote la vita walikufa watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba walikufa kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa njaa.

Kwa habari yetu, hesabu ya waliokufa haitoshi. Yatupasa kuuliza pia habari ya waliobaki. Waliobaki ni wajane ambao ndugu za waume zao nao walikuwa wameuawa, hata ile desturi ya ukoo kumtunza mjane wa marehemu ikakosa watu wa kuitimiza. Ni wanawake waliozika watoto wao wakati wa njaa. Ni wanawake ambao miili yao ilidhoofishwa na njaa wakati wa umri wa kuzaa: uchunguzi uliofanywa baadaye huko Ulanga na A. T. na G. M. Culwick ulidokeza kwamba njaa hiyo ilipunguza uzazi wa wanawake walionusurika kwa zaidi ya robo. Robo hiyo, kwa mtakwimu, ni watoto wasiozaliwa. Kwa mwanamke mwenyewe ni uzee usio na mtu wa kumtekea maji.

Kabla kizazi hicho hakijapumua, ilikuja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliuteka Songea mwezi Septemba, 1916. Pande zote mbili zilichukua vijana na watu wazima kubeba mizigo, na wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Hivyo mwanamke aliyekuwa na miaka 40 wakati wa Maji Maji alifika umri wa miaka 50 na kitu akiwa amepotewa na mume katika vita vya kwanza, na pengine na mwana wa pekee katika vita vya pili.

2. Homa ya mwaka 1918: ugonjwa uliochukua vijana

Mwishoni mwa Septemba, 1918 jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck liliuvuka tena mto Ruvuma kutoka Msumbiji, likapita nchi ya Ungoni mwezi Oktoba na kuelekea Ubena, likiacha njiani wagonjwa na majeruhi. Jeshi la Waingereza lililifuata nyuma. Katika miezi hiyo hiyo homa ya mafua iliyokuwa ikiizunguka dunia iliingia Tanganyika kwa njia za meli, za askari na za wapagazi, nayo ikaenea katika nyanda za juu za kusini. Duniani kote homa hiyo inakadiriwa kuua watu wapatao milioni 50.

Homa ile ilikuwa na tabia iliyowashangaza matabibu. Mafua ya kawaida huua watoto wachanga na wazee. Hii iliua sana watu wenye umri wa miaka 20 hadi 40, yaani wale wenye nguvu. Kwa hiyo wazee wengi walinusurika, lakini walinusurika katika nyumba zilizokuwa tupu. Mwenye watoto wanne aliweza kubakiwa na wawili. Asiye na mtoto alikuwa akiishi kwa msaada wa mtoto wa ndugu au wa kijana wa jirani, na ndiye huyo aliyeondolewa. Tena jirani aliyesalia alikuwa na wagonjwa wake wa kuuguza, na mwenye kuuguza watu watano nyumbani mwake hana mkono wa sita wa kumpelekea uji mzee wa nyumba ya pili.

Wakati huo misaada ya nje nayo ilikuwa imekatika. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa wakati wa vita, Wabenediktini wa Peramiho na ndugu zetu wa Misioni ya Berlin waliokuwa Ubena na Unyakyusa kadhalika. Shule na zahanati zilibaki mikononi mwa waalimu na wazee wa sharika Waafrika. Hata hivyo habari za Kanisa za miaka hiyo huwataja zaidi wamisionari waliofukuzwa kuliko waliobaki wakiuguza na kuzika.

Baada ya vita, utawala wa Waingereza uliifanya Songea kuwa mahali pa kuchukulia vibarua. Kwa miaka mingi wanaume wa Ungoni na Undendeule walikwenda katika mashamba ya mkonge, wakiitwa manamba. Mtaalamu Philip Gulliver, aliyechunguza jambo hilo na kutoa taarifa yake mwaka 1955, alionyesha jinsi uchumi wa nyumba ulivyotegemea watu waliokuwa mbali. Walikuwapo pia walioondoka wasirudi. Mke wa mtu asiyerudi hakuwa mjane, wala hakuwa na mume. Akazeeka katikati ya hali hizo mbili. Hivyo ukiwa uliendelea kuumbwa hata pasipo vita wala ugonjwa.

3. Miaka ya UKIMWI: bibi mwenye wajukuu na bibi asiye nao

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika muongo uliofuata ugonjwa ukafika mikoa yote, Ruvuma ukiwemo. Kama homa ya mwaka 1918, ugonjwa huu nao ulichukua watu wa umri wa kati, lakini kwa mwendo wa polepole na pamoja na aibu. Mpaka dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, nyumba nyingi zilibaki na watu wa pembeni tu, yaani wakongwe na watoto.

Kanisa na mashirika yalimwona bibi aliyelea wajukuu yatima, na ilikuwa haki aonwe. Misaada ilipangwa kwa hesabu ya yatima: sare za shule, unga, blanketi. Lakini mpango huo ulikuwa na tundu. Mzee ambaye hakuzaa hakuwa na yatima wa kuandikisha. Naye aliyempoteza mtoto wake wa pekee, asiyeacha mjukuu, hakuwa na mtu wa kumwingiza katika orodha. Msaada ulimfikia mzee kwa kupitia mtoto, na asiye na mtoto alikosa mlango wa kupitia.

4. UVIKO-19: ugonjwa uliokata ziara

Tarehe 16 Machi, 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, na siku iliyofuata shule zikafungwa. Tofauti na nchi nyingi, Tanzania haikuwafungia watu majumbani, na nyumba za ibada hazikufungwa na serikali. Takwimu za taifa zilisimama mwanzoni mwa Mei, 2020 zikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21. Chanjo ilianza kutolewa tarehe 28 Julai, 2021, na wenye umri wa miaka 50 na zaidi walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa.

Hapa mambo yalikuwa kinyume cha mwaka 1918. UVIKO-19 uliwaacha vijana wengi wakiwa hai na kuwaelekea wazee. Kwa hiyo upweke haukuja kwa kufa kwa wasaidizi, bali kwa hofu ya wasaidizi. Kijana aliyempenda mzee aliambiwa kwamba upendo wake waweza kumwua. Mkono haukutolewa tena. Shikamoo ikatolewa kwa mbali. Palipokuwa na ndoa au watoto, watu wa nyumba moja waliendelea kula pamoja, kwa kuwa hakuna anayejitenga na aliyelala naye chumba kimoja. Lakini mzee anayeishi peke yake hana watu wa nyumba moja. Kila mtu kwake ni mgeni, na wageni ndio walioonywa wasije. Kwa hiyo hata pasipo amri ya kufungiwa, yeye alifungiwa.

Tukiyaweka maradhi haya pamoja, twaona kwamba homa ya mwaka 1918 na UKIMWI viliwaondoa watu ambao mzee aliwategemea, na UVIKO-19 ukaiondoa njia ya kumfikia. Katika hali zote mbili aliyeumia kwanza ni yule ambaye uhusiano wake na watu ulikuwa wa hiari. Mtoto hulazimika kuja. Jirani huja akiweza.

5. Kimya cha mashahidi

Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kusini kukusanya masimulizi ya Maji Maji kutoka kwa wazee. Kazi yao ilikuwa kubwa, na bila hiyo tungebaki na maandishi ya Wajerumani tu. Lakini masimulizi ya mdomo yana sharti moja: lazima awepo aliyesimuliwa. Baba humsimulia mwana, bibi humsimulia mjukuu jioni. Mwanamke aliyekufa peke yake mwaka 1918 hakumsimulia mtu, na mwanafunzi wa mwaka 1968 hakuwa na nyumba ya kwenda kumwuliza habari zake. Ndiyo sababu sura ya pili ya makala haya imeweza kueleza hali yake lakini haikuweza kumtaja kwa jina.

Mwanatheolojia wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika kilichotoka mwaka 1969, alieleza kwamba kwa mawazo ya jadi marehemu huendelea kuwa hai katika "sasa" maadamu wapo walio hai wanaomkumbuka kwa jina. Wanapokwisha, huzama katika "zamani". Tukilifikiri jambo hilo kwa ajili ya asiyezaa, twaona uzito wa huzuni yake. Kwake kukosa mtoto si kukosa msaada tu. Ni kukosa mtu wa kuliita jina lake. Na katika wakati wa maradhi, mazishi yanapokuwa ya haraka na ya watu wachache, hata siku ile ya mwisho ambayo kijiji kizima kingelitaja jina hilo hunyang'anywa.

Maandiko hayakulinyamazia jambo hili. Nabii Isaya, katika sura ya 56, anawapa wasio na uzao ahadi ya jina katika nyumba ya Bwana, lililo bora kuliko wana na binti. Paulo naye, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo sura ya 5, anamtofautisha mjane mwenye watoto au wajukuu na yule aliyeachwa peke yake kabisa, na anataka Kanisa liwe na orodha ya wajane. Ahadi ya nabii na orodha ya mtume ni kitu kimoja. Jina haliwi katika nyumba ya Bwana mpaka mtu fulani ameliandika na kulisoma.

Hitimisho

Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Martin Luther hakuondoka. Katika waraka aliomwandikia Johann Hess wa Breslau hakuwalaumu wote waliokimbia, na alisisitiza matumizi ya dawa na tahadhari. Lakini alifundisha kwamba mtu haruhusiwi kumwacha jirani ambaye hana mwingine wa kumwangalia. Swali lake halikuwa kama hatari ipo. Lilikuwa kama yupo mwingine. Swali hilo ndilo linalotufaa, kwa maana kwa mzee asiye na mwenzi wala mtoto jibu hujulikana kabla ya ugonjwa kuja.

Kwa hiyo yatupasa kutenda mambo mawili wakati wa afya. La kwanza, kila usharika uwe na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, na kando ya kila jina liandikwe jina la mtu mmoja aliyekubali kwamba yeye ndiye "mwingine", ambaye siku ya maradhi atahesabiwa kuwa wa nyumba ile na siyo mgeni. Serikali nayo ina wajibu wake: Sera ya Taifa ya Wazee ilipitishwa mwaka 2003, na Zanzibar ilianza mwezi Aprili, 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumwuliza kama ana watoto. Lakini fedha haibishi hodi.

La pili ni la wanafunzi wa chuo. Wapo Songea leo wazee wasio na uzao walioupitia mwaka 2020 peke yao. Hakuna mjukuu atakayeyapokea masimulizi yao. Mwanafunzi anayekwenda likizo aende na daftari, aketi nao, aandike jina, mahali pa kuzaliwa, na jinsi walivyoishi miezi ile. Asipofanya hivyo, atakayeandika historia ya gonjwa hilo miaka mia moja ijayo atafika mahali pale pale tulipofika sisi na mwaka 1918: atajua kwamba walikuwapo, asijue waliitwa nani.