Ndinga Haina Paa, Muziki Utakaa Wapi? Safari ya Stereo Ndani ya Hotrodi

Ukiona kigari cha zamani kinakatiza, hakina paa, matairi ya nyuma manene, injini iko nje inang'aa kama sufuria mpya, unaweza kudhani humo ndani kuna muziki wa kufa mtu. Wapi! Ndinga hizi, ambazo Wamarekani wanaziita hotrodi, kwa miaka mingi zilikuwa sehemu mbovu kabisa ya kusikilizia wimbo. Na vijana walioanzisha mchezo wenyewe walikuwa hawana habari, maana kwao redio ilikuwa mzigo tu.

Turudi kusini mwa California, miaka ya 30. Vijana wasio na hela walikuwa wananunua Ford chakavu, Model T na Model A, baadaye ile ya 1932 yenye V8. Wanang'oa bampa, madigadi, paa, chochote kisichoongeza spidi, halafu wanakwenda kushindana kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Redio ya gari ilikuwepo, Motorola ilishaingiza ya kwake sokoni mwaka 1930. Ila ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 100, wakati Ford ya kawaida ilipatikana kwa takriban dola 500. Piga hesabu mwenyewe. Tena lilikuwa dude zito la taa za kioo, linanyonya betri ya volti 6. Antena za enzi hizo zilifichwa ndani ya paa la kitambaa au chini ya ubao wa kukanyagia mlangoni, na hotrodi ilikuwa imeshatupa vyote viwili.

Mambo yakabadilika baada ya vita. Miaka ya 50 kijana mmoja wa Hollywood, mwigizaji wa sehemu ndogondogo, alichukua nusu ya mbele ya Model T ya 1922, akaunganisha na kitanda kifupi cha pikapu ya Model A, akaichomeka injini ya Cadillac. Kigari kikaingia kwenye tamthilia ya televisheni ya 77 Sunset Strip iliyoanza 1958, na Marekani nzima ikachizika. Kila kijana akataka cha kwake. Hapo ndipo hotrodi ilipoacha kuwa ya mashindano peke yake. Ikawa ya kutoka nayo usiku, mmeketi wawili, mnazunguka mtaani taratibu. Sasa utamtoa mrembo aut halafu gari liko kimya? Muziki ukawa lazima.

Shida ya kwanza ilikuwa kelele za umeme. Kila plagi inapopiga cheche, inarusha mawimbi kama kituo kidogo cha redio. Bodi ya chuma na boneti huzuia sehemu kubwa ya hayo mawimbi, lakini hotrodi injini iko wazi, na nyingi zilianza kutengenezwa kwa faibaglasi, ambayo haizuii kitu. Hili hata makampuni makubwa liliwasumbua. Chevrolet Corvette, iliyotoka 1953 na bodi ya faibaglasi, ikifungwa redio ilibidi mfumo wake wa cheche uvalishwe vifuniko vya chuma. Faibaglasi ina kero nyingine: haipitishi umeme, kwa hiyo huwezi kuegemeza waya wa hasi popote kwenye bodi kama ulivyozoea. Kila spika na kila kifaa kinataka waya wake wa kurudi.

Stereo yenyewe iliingia mapema miaka ya 60 kupitia kanda. Muuza magari mmoja wa California, maarufu kwa matangazo ya kujifanya kichaa, na aliyewahi pia kutengeneza televisheni na magari yake mwenyewe, ndiye aliyeanza kuuza mashine ya kanda ya treki 4 kwa ajili ya gari. Tajiri mmoja wa ndege ndogo akaiona, akaipenda, akaja na yake ya treki 8. Ford wakaiweka kwenye magari ya modeli ya 1966. Kaseti ya Philips, iliyozaliwa 1963, ikaja kuwafunika wote. Kwa mara ya kwanza mwenye hotrodi alikuwa anachagua wimbo wake mwenyewe, na ulikuwa unatoka kushoto na kulia. Ukifika barabara kuu, haupo. Upepo umeubeba.

Hapo ndipo watu walipoingia chaka kwa miaka mingi. Akili ya kawaida inasema ongeza wati. Sasa sikia: ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inatakiwa iongezeke kama mara 10. Kutoka wati 20 unaruka hadi 200. Na besi ndiyo hali mbaya zaidi. Ndani ya gari lililofungwa, kile kichumba kidogo chenyewe kinaisukuma besi mpaka unaisikia kifuani. Toa paa, imeondoka. Kibaya zaidi, mngurumo wa V8 unakaa kwenye sauti zilezile za chini, kwa hiyo hata ile iliyobaki inafunikwa.

Dawa ilikuwa karibu, kwa maana halisi ya neno. Sehemu ya wazi, ukipunguza nusu ya umbali kati ya spika na sikio, unachopata ni sawa na kuzidisha wati mara 4. Spika iliyokuwa mita 1 ikisogezwa hadi sentimita 25, wati 20 zinapiga kama 320! Mazda walilielewa hili. MX-5 ya kwanza, kigari chao cha wazi cha 1989, iliwahi kutolewa na spika ndani ya mto wa kichwa wa kiti. Mafundi wa hotrodi nao wakaja njia hiyohiyo: spika ndogo nyuma ya mabega, sabufa bapa chini ya kiti ili besi ipitie mgongoni kabla upepo haujaiiba. Spika zenyewe wanachukua za boti, maana haziogopi mvua wala jua.

Hasara yake ni kwamba wanamuziki wote wanakuimbia kisogoni. Spika za mbele nazo zina lao: dereva yuko upande mmoja, spika ya jirani inamfikia mapema, na ubongo unaamini bendi nzima imejazana upande wake. Tofauti ya sentimita 34 tu ni elfu moja ya sekunde, lakini sikio linaikamata. Siku hizi kuna prosesa ya kuchelewesha ile ya karibu ili zote zifike pamoja. Ukiweka vitwita viwili juu ya dashibodi na kuzichelewesha kidogo zile za nyuma, bendi inarudi mbele.

Na hakuna tena anayekata dashibodi ya 1932 kuweka redio, ukifanya hivyo kwa wenyewe ni dhambi. Amplifaya ndogo ya Bluetooth inajificha nyuma ya kiti, simu iko mfukoni, mwizi akichungulia haoni kitu.

Kuna jambo moja ambalo wenye watundu wa sauti hawapendi kuliongelea: masikio. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanashauri desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Muziki wa kuushinda upepo wa barabara kuu unafika huko kirahisi sana. Ndiyo maana wazoefu wengi wanafunga kioo kidogo cha mbele hata kama kinapunguza mvuto, wanarefusha ekzosi hadi nyuma ya kiti, na wakishaingia barabara kuu wanazima muziki kabisa. Wanauwasha tena wakikaribia mjini, spidi 50.