Mradi wa Orangi

Mradi wa Orangi, ulioasisiwa mwaka 1980 katika mtaa mkubwa wa mafukara mjini Karachi, Pakistani, ni mfano mashuhuri wa ustawishaji wa miji ulioanzia mikononi mwa wakazi wenyewe. Mwasisi wake, Akhtar Hameed Khan (1914–1999), aliyeacha utumishi wa serikali ya kikoloni na baadaye akapata sifa kwa kazi ya ushirika huko Comilla, katika Bangladeshi ya leo, aliona kwamba miongoni mwa dhiki kubwa za mahali hapo ni maji machafu yaliyotiririka vichochoroni, maradhi yakiwa ndiyo natija yake.

Kila uchochoro, wenye nyumba kama 20 hadi 40, ulimteua msimamizi, ukachanga fedha na kutandaza mabomba; Mradi ulitoa ramani, vipimo na mawaidha ya kifundi, ama gharama ya ujenzi haikuibeba. Vyoo na mifereji ya mtaani vilikuwa dhima ya wakazi, mfereji mkuu na usafishaji wa maji dhima ya serikali. Gharama ilishuka sana, kwa kuwa makandarasi na faida zao waliondolewa. Wapo wanaohoji ni insafu gani kumtoza maskini kwa jambo ambalo tajiri hufanyiwa na manispaa, na hoja hiyo haijapata jawabu la kutosheleza.

Perween Rahman, msanifu majengo aliyeuongoza Mradi baadaye na kuchora ramani za vitongoji vilivyonyemelewa na wanyang'anyi wa ardhi, aliuawa kwa risasi tarehe 13 Machi 2013.