Mnasihi wa Skuli (Zanzibar)

Mnasihi wa skuli ni mwalimu aliyekabidhiwa kazi ya kumsikiliza mwanafunzi mwenye msongo, huzuni au matatizo ya nyumbani, na kumwelekeza kwenye msaada. Mara nyingi ni mwalimu wa somo la kawaida: asubuhi anasahihisha madaftari, mchana anapokea siri.

Tanzania Bara, utaratibu wake uliwekwa na Waraka wa Elimu Na. 11 wa 2002. Zanzibar huendesha elimu yake yenyewe, ila mtihani wa kidato cha nne ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, na hofu yake haina Bara wala Visiwani.

Mtoto wa Mlandege, mtaa wa maduka pembezoni mwa Mji Mkongwe, akitoka skuli huenda chuoni kusoma Kurani. Mnasihi anayeijua ratiba hiyo hutofautisha uchovu wa kawaida na ule wa kutiliwa shaka.

Yeye si daktari. Hali ikizidi, familia huelekezwa hospitali, pengine ile ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu, jina ambalo peke yake huwatisha wazazi. Siri nayo ina mpaka: dalili za udhalilishaji hufikishwa kwa wahusika, vikiwemo vituo vya Mkono kwa Mkono vinavyowahudumia waathirika wa udhalilishaji, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja.