Marangu ya Mifongo na Maporomoko

Mgeni anayeshuka Kinukamori, si mbali na Marangu Mtoni, hulipa kiingilio, hupiga picha, kisha husimuliwa kisa cha Makinuka, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa akaja kujitupa kwenye maporomoko yale. Alipoghairi na kugeuka arudi nyumbani, alikuwa ameshaonwa na chui. Kisa kinapendwa, na wasimulizi wake wanajua wapi pa kunyamaza kidogo. Ila maji yale yalikuwa na kazi nyingine kabla ya kuwa ya kutazamwa.

Mito ya Kilimanjaro imechimba makorongo marefu, na vihamba vya Wachagga, yaani mashamba yao ya migomba, viko juu, kwenye migongo ya mlima. Mwenye migomba hupata maji ya mto kwa namna mbili: kuyateka korongoni na kuyapandisha kichwani, au kuyafuata juu kabisa, kabla hayajaporomoka, na kuyaongoza taratibu ubavuni mwa mlima hadi shambani. Wachagga walichagua namna ya pili. Walikwenda hadi msituni, wakaziba mto kwa mawe, magogo na majani, wakachimba mfongo, yaani mfereji. Mteremko ukizidi, maji hubomoa kingo, na ukipungua, husimama. Mafundi wao waliupima kwa macho na kwa maji yenyewe.

Mfongo ulikuwa mali ya ukoo uliouchimba. Wengine waliomba na kupangiwa zamu, na maji ya usiku yaliwekwa kwenye bwawa dogo liitwalo nduwa ili yasipotee bure. Siku ya kusafisha, asiyetokea alitozwa faini. Maji hayo yalinywesha migomba na pia ulezi wa kiangazi, na bila ulezi hakuna mbege, pombe ya ndizi. Wazungu waliopita Uchaggani karne ya 19, akiwamo Harry Johnston mwaka 1884, walistaajabia kazi hiyo. Vijia vingi vinavyotembezwa wageni leo katikati ya migomba vinafuata kingo za mifongo, kwa kuwa mfongo lazima ukaguliwe kwa miguu.

Sifa ya Marangu kama lango la mlima ilikuja baadaye, na ilikuja kwa siasa. Marealle, mangi (mtawala) wa Marangu, alikuwa na jirani mwenye nguvu, Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Wageni walipoanza kuja na bunduki na bidhaa, Marealle aliona faida ya kuwakaribisha kwake. Hans Meyer, Mjerumani, alianzia safari zake Marangu mwaka 1887 na tena 1889. Tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni, na Meyer akakipa kilele jina la Kaiser Wilhelm. Aliyebaki peke yake akilinda kambi ya juu, kwenye baridi ile, alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Jina lake linastahili kutajwa mara nyingi kuliko linavyotajwa.

Marangu wanaye wa kwao: Yohani Kinyala Lauwo. Inasimuliwa kwamba alikuwa kijana aliyekwepa kazi ya lazima ya barabara, akakamatwa na kupelekwa kwa mangi, na siku hiyohiyo Meyer akawa anatafuta watu wa kumwongoza. Ukoo wa Lauwo ulijulikana kwa kuuzoea msitu, basi adhabu ikageuka ajira. Aliongoza wageni kwa miongo mingi na alifariki mwaka 1996, ikisemwa kuwa alipita miaka 120. Umri huo unabishaniwa. Kwamba ujuzi wa njia ulikuwa wa wenyeji, hilo halibishaniwi.

Ukarimu wa Marealle ulikuwa na gharama. Mwaka 1891 Carl Peters aliweka kituo cha serikali ya Kijerumani Marangu, na humo akawanyonga mtumishi wake Mabruk na binti wa Kichagga aliyeitwa Jagodja. Habari zilipofika bunge la Ujerumani zikazua kashfa, na mwaka 1897 Peters akafukuzwa kazi. Hata hivyo kibanda cha pili cha wapanda mlima kwenye njia ya Marangu kiliitwa kwa jina lake, na cha kwanza kwa jina la Bismarck.

Siku hizi vibanda hivyo vinaitwa Mandara na Horombo, Horombo akiwa mangi wa Keni, Rombo, aliyejaribu kuwaunganisha Wachagga kabla ya Wajerumani kufika. Kilele chenyewe kikawa Uhuru, baada ya Luteni Alexander Nyirenda kupandisha mwenge na bendera Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961. Marealle, ambaye njia inapita kwake, hakupata kibanda, ilhali Rindi, mpinzani wake, alipata. Vijana wa Marangu hawaonekani kulalamika.

Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa 1977. Mwanzoni ilishika sehemu zilizo juu ya msitu, na wanavijiji waliendelea kuokota kuni na kukata majani ya ng'ombe katika ukanda wa nusu maili uliotengwa kwa ajili yao tangu enzi ya Waingereza. Mwaka 2005 msitu wote ukaingizwa katika hifadhi. Mahali mifongo mingi inapoanzia pako humohumo msituni, kwa hiyo wazee wanaosimamia zamu za maji na waongozaji wanaosindikiza wageni sasa wanapita kwa askari walewale wa hifadhi.