Mlinzi na mchimbaji lango moja, mishahara miwili: sheria inasemaje Tarime na Serengeti

Na Mwandishi Wetu

WILAYA za Tarime na Serengeti mkoani Mara zinapakana, lakini ajira zake hazifanani. Tarime kuna dhahabu ya Nyamongo, ambako mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Serengeti kuna hifadhi, pamoja na hoteli na kambi za watalii.

Wengi hudhani kima cha chini cha mshahara ni kimoja kwa nchi nzima. Sivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Taasisi za Kazi Namba 7 ya mwaka 2004, waziri mwenye dhamana ya kazi hutangaza viwango kwa kila sekta.

Katika amri ya mwaka 2013, kwa mfano, kampuni yenye leseni ya uchimbaji haikuruhusiwa kumlipa mfanyakazi chini ya Sh400,000 kwa mwezi, wakati hoteli ya kitalii ilipangiwa Sh250,000, baa na nyumba za wageni Sh130,000, na kilimo Sh100,000. Mlinzi anayesimama kwenye lango la mgodi, akiwa ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, hakuhesabiwa kuwa mtu wa madini: kiwango chake kilikuwa Sh150,000 kwa kampuni kubwa na Sh100,000 kwa ndogo. Hivyo cha kuuliza kwanza ni nani aliyetia saini mkataba, si mahali kazi inapofanyika.

Viwango hivyo vilikaa miaka tisa na nusu, muda mrefu mno kwa mtu anayenunua unga kila wiki, hadi amri ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Januari 1, 2023. Oktoba 2025 Serikali ilitangaza nyongeza kwa sekta binafsi, kutoka wastani wa Sh275,060 hadi Sh358,322, kuanzia Januari 1, 2026.

Je, asiye na mkataba wa maandishi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye auandae. Akishindwa kuuonyesha mbele ya chombo cha sheria, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unamwangukia yeye. Aidha, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa iwapo, miongoni mwa vigezo vingine, amemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kibarua wa duara au wa jikoni kambini asikubali haraka kuambiwa kwamba yeye "si mfanyakazi".

Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kwa mkoa wa Mara ipo Musoma. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu. Madai mengine, yakiwamo ya mshahara, siku 60. Anayechelewa hulazimika kwanza kuomba kusikilizwa nje ya muda, akieleza sababu.